Kuskani QR tu kunaweza kuniibia hela? Na stika yangu ya lipa namba niiondoe?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama lishe, nina banda karibu na stendi hapa Mtwara mjini. Wateja wengi siku hizi hawatembei na taslimu. Wanalipa kwa lipa namba, na wale wenye simu kubwa wanaskani ile QR iliyo kwenye stika niliyobandika kwenye nguzo. Wiki iliyopita jirani yangu muuza soda aligundua stika yake imebandikwa nyingine juu, hela za siku mbili zimeenda kwa mtu asiyemjua. Halafu juzi, kwenye kundi la WhatsApp la kwetu Tandahimba, ikatumwa picha yenye QR, eti ukiskani unapokea malipo ya nyongeza ya korosho. Mwanangu wa kidato cha pili akaiskani kwa simu yangu. Ukafunguka ukurasa unaotaka namba ya simu na namba ya siri, akaufunga. Salio langu bado lipo, lakini sina amani. Kwa kuskani tu, wameshaingia kwenye simu yangu? Na stika niiondoe nirudi kwenye taslimu? Mume wangu anasema QR zote ni za matapeli."*

Dada yangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kama mwanao aliskani, ukurasa ukafunguka, hakuandika chochote, hakupakua chochote, akaufunga, basi hakuna aliyeingia kwenye akaunti yako ya simu. Salio lako halitayeyuka usiku kwa sababu ya kuskani kule. Mwanao alifanya jambo la maana kuliko anavyojua: alipoona wanataka namba ya siri, aliacha. Usimgombeze. Mwambie alipofanya vizuri, ili siku nyingine akiona kitu cha ajabu aje kwako badala ya kukificha.

Umeuliza mambo mawili na yana majibu tofauti. La picha ya korosho ni mtego wa kukuvuta wewe uandike siri zako. La stika ya jirani ni wizi wa kubadilisha anwani, ambapo mwenye banda hakosei kitu na mteja naye analipa kwa nia njema. Yote mawili utayaelewa ukijua QR ni kitu gani.

Msimbo wa QR ni maandishi. Uliundwa mwaka 1994 nchini Japani, katika kampuni ya Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona inaiambia kamera picha imelala upande gani. Vimiraba vidogo vilivyobaki ndiyo herufi zenyewe, zimeandikwa kwa nyeusi na nyeupe. Ndani yake mtu anaweza kuweka anwani ya tovuti, namba ya simu, neno la siri la Wi-Fi, au maelezo ya malipo. Kamera ikishayasoma, kazi ya QR imekwisha. Haina mkono wa kuingia kwenye simu na kuchota. Madhara huja katika hatua inayofuata, yaani pale unapobonyeza, unapoandika au unapokubali kitu.

Lakini mume wako naye ana sehemu ya haki, tusimpuuze. QR haina sahihi ya mwenyewe. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza moja kwa dakika moja, bure, akaiprinti kwenye karatasi ya gundi. Hakuna kitu ndani yake kinachothibitisha nani kaitengeneza. Nembo ya benki au ya mtandao wa simu iliyo katikati nayo isikudanganye. QR huundwa ikiwa na akiba ya kusahihisha makosa, na kwa kiwango cha juu kabisa inasomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imechafuka au imefunikwa. Akiba hiyohiyo ndiyo inayoruhusu kuweka nembo yoyote katikati na bado isomeke. Nembo ni urembo tu.

Anapokosea ni kusema zote ni za matapeli. Risiti ya mashine ya EFD unayopewa dukani ina QR ya kuihakiki kwenye tovuti ya TRA. Na Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango kimoja cha QR za malipo nchini, kinachoitwa TANQR, ili mfanyabiashara asilazimike kupanga stika ya kila mtandao na kila benki ukutani. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya QR yoyote ni hili: baada ya kuskani, simu imeniambia naenda wapi, kwa nani?

Sasa turudi kwenye ile picha ya korosho. Wanaoitengeneza wanajua kalenda yetu. Minada ikifunguka kuanzia Oktoba, Mtwara na Lindi nzima watu wanasubiri hela, na anayesubiri hela hubonyeza haraka. Hela ya korosho hupitia chama cha msingi, AMCOS, baada ya mnada, na kuingia kwenye akaunti ambayo mkulima aliiandikisha. Haisubiri mkulima askani kitu kwenye kundi la WhatsApp. Ukisikia kuna nyongeza, muulize katibu wa AMCOS yenu ana kwa ana, au mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye picha.

Na hapa kuna kipimo ambacho hakihitaji elimu ya kompyuta. Namba ya siri ni ya kutoa hela. Anayekutumia hela hahitaji namba yako ya siri. Anahitaji namba ya simu au ya akaunti, basi. Hela ikitumwa inaingia hata ukiwa umelala. Ukurasa, mtu, au meseji ikikuambia uweke namba ya siri ili *upokee*, hapo hapo unajua ni wizi, hata kama ukurasa una nembo nzuri na Kiswahili fasaha. Hali kadhalika zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa meseji: hazisomewi mtu.

Kwa kuwa ukurasa ulifunguka kwenye simu yako, fanya ukaguzi mfupi leo jioni, dakika kumi zinatosha. Kwanza ingia kwenye sehemu ya faili, fungua vilivyopakuliwa, uone kama kuna faili lenye jina linaloishia na *.apk*. Hiyo ni programu iliyoletwa nje ya Play Store. Ukiikuta na hukuileta wewe, ifute bila kuifungua. Kisha nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, uone kama kuna programu mpya usiyoijua. Programu za kitapeli hupenda kuomba ruhusa mbili: kusoma meseji zako, na ile ya ufikivu, ambayo iliwekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu lakini mwizi huitumia kuona kioo chako na kubonyeza badala yako. Programu ya kupokea malipo haina sababu ya kuomba ruhusa hizo.

Halafu fungua WhatsApp, bonyeza vile vidoti vitatu, uingie kwenye vifaa vilivyounganishwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawaujui mtego huu. WhatsApp yenyewe hutumia QR kuunganisha akaunti yako na kompyuta. Tapeli anafungua WhatsApp kwenye kompyuta yake, anapata QR ya kuunganisha, anakutumia picha yake na kukuelekeza: "Fungua WhatsApp, ingia hapa, skani hii ili ujiunge na kundi la wanufaika." Ukifuata, hujajiunga na kundi lolote. Umemfungulia mlango asome meseji zako na kuandika kwa jina lako, awaombe ndugu zako hela. Simu yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hiyo unaweza kukaa siku nyingi bila kujua. Siku hizi hufanya hivyo hata bila QR: anakupa tarakimu na herufi nane uziandike hapohapo kwenye vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au kivinjari usichokijua kwenye orodha hiyo, kibonyeze na ukiondoe. Kwa mwanao, kama aliskani kwa kamera ya kawaida na ukafunguka ukurasa wa tovuti, basi hakuunganisha kitu. Hata hivyo angalia, haigharimu chochote.

Ingekuwa aliandika namba ya siri, ningekuambia uache kusoma hapa na uibadilishe mara moja kupitia menyu ya mtandao wako, kisha uwapigie huduma kwa wateja. Na ingekuwa ameshaweka programu yenyewe, hatua ya kwanza ingekuwa kuzima data na kuchomoa laini. Iweke laini hiyo kwenye kitochi, ubadilishie namba ya siri huko. Kitochi hakina ile programu, kwa hiyo hakuna anayekuchungulia unapoandika. Baada ya hapo ndipo ushughulike na kuisafisha simu kubwa.

Sasa stika, ambayo naona ndiyo hatari yako ya kila siku.

Wizi aliofanyiwa jirani yako hauhitaji ujuzi wa mtandao. Mtu ana lipa namba yake, anaprinti QR yake kwa ukubwa uleule, anapita usiku au wakati banda limejaa, anabandika juu. Mteja anaskani, anaandika kiasi, simu inamwonyesha jina la anayelipwa, anaweka namba ya siri. Pale kati ya jina na namba ya siri ndipo ulinzi wote ulipo, na ndipo watu wanapopita mbio. Njaa inauma, bodaboda inasubiri, mteja haangalii jina. Na wewe uko na mwiko mkononi, unaona mtu kakuonyesha kioo kimeandika "umelipa 3,000", unaitikia asante.

Kwa hiyo tibu pande zote mbili. Upande wa stika, usiibandike kwenye nguzo. Banda la wazi likilala nje, stika inalala nje. Iweke kwenye kibao kidogo kilichopitishwa nailoni ngumu, ukae nacho pale unapopakulia chakula, na jioni uende nacho nyumbani kama unavyobeba sufuria zako. Chini ya QR andika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: lipa namba yako yote, na jina *kama linavyotokea kwenye simu ya mteja*. Hili la jina lina uzito. Wengi jina la bandani ni moja, na jina lililosajiliwa ni lingine, pengine la mume au la ndugu aliyekusaidia kusajili. Mteja akiona jina asilolitarajia anazoea kulipuuza, na siku ya stika ya tapeli atalipuuza vilevile. Ukiweza, nenda kwa mtandao wako wakurekebishie jina la biashara lifanane na la banda.

Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, pitisha ukucha kwenye ukingo wa kibao ukitafuta karatasi juu ya karatasi. Kisha iskani mwenyewe kwa programu ya malipo, kwa simu nyingine kama unayo. Andika kiasi chochote, fika mpaka lilipotokea jina, soma jina na tarakimu za lipa namba mpaka mwisho, halafu ghairi. Huweki namba ya siri, hulipi hata shilingi. Nasema usome na tarakimu, si jina peke yake, kwa sababu tapeli anaweza kusajili jina linalokaribiana na lako, lakini lipa namba haiwezi kuwa ileile.

Upande wa malipo, usikubali kioo cha mteja kuwa ndiyo risiti. Picha ya muamala huchezewa, na meseji ya kughushi huandikwa na mtu yeyote. Malipo ni yale yaliyokuletea wewe meseji kwenye simu iliyosajiliwa na hiyo lipa namba. Ukiwa na shaka, angalia salio kwa menyu, usitegemee meseji peke yake. Hii ina maana simu hiyo ikae bandani. Nimeona nisisitize kwa sababu katika biashara nyingi za familia laini iko na baba aliyeko Masasi, na anayepakulia chakula hana njia ya kujua kama hela imeingia. Ukihesabu sahani tano na meseji tatu, unasimama hapohapo, siyo baada ya siku mbili.

Kuna na mlango mwingine. Anaweza kuja kijana nadhifu, kavaa fulana ya kampuni na kitambulisho shingoni, akasema wanabadilisha stika za zamani, hii mpya ndiyo inayokubali mitandao yote. Anakubandikia mwenyewe, anakushukuru, anaondoka. Wapo mawakala halali wanaofanya kazi hiyo, kwa hiyo huna haja ya kumtukana. Pokea stika, mwambie utaibandika baadaye, kisha ifanyie jaribio lile la kuskani mpaka jina na kughairi. Ikitoka tofauti na yako, usiitumie. Na akitaka namba yako ya siri au tarakimu za meseji ili "aisajili", muage.

Umeuliza urudi kwenye taslimu. Naelewa, lakini pima. Taslimu ina chenji unayoikosa, noti bandia, na hela ya siku nzima mfukoni unaporudi usiku. Kutumiwa kwenye namba yako ya kawaida kunakuchanganyia hela ya biashara na ya nyumbani. Mteja kuandika lipa namba kwa mkono ni salama dhidi ya stika ya kubandikwa, ila tarakimu moja ikikosewa hela inakwenda kwingine, na hapo pia jina ndilo linalookoa. Wateja wako wa kitochi hawaskani hata hivyo. Ningekuwa nakuamulia, ningeacha QR kwenye kibao cha mkononi, lipa namba imeandikwa kubwa chini yake, na kumzoesha mteja kwa sentensi moja: "Hakikisha jina limetoka hili." Sentensi hiyo ina kinga kuliko kuiondoa QR.

Ukiwa wewe ndiye unayeskani, mfano kwenye tangazo ukutani au karatasi uliyopewa kituoni, soma anwani kabla ya kuibonyeza. Simu nyingi huionyesha kwanza. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma. *verify.tra.go.tz* inaishia na tra.go.tz, ni ya TRA. Lakini *tra.go.tz.hakiki-risiti.top* inaishia na hakiki-risiti.top, hayo maneno ya mbele ni kanzu tu, aliyevaa ni mwingine. Anwani zinazoishia na go.tz ni za taasisi za serikali. Anwani fupi zisizoonyesha zinakokwenda, kama huzijui, ziache. Na QR ya malipo ya dukani iskani ukiwa ndani ya programu yako ya benki au ya mtandao wa simu, siyo kwa kamera ya kawaida. Ikiwa stika ya lipa namba inakufungulia tovuti inayotaka namba ya siri, ondoka hapo.

Neno kwa jirani yako, mpelekee leo. Kama stika ile ya juu bado ipo, asiibandue kwa hasira. Aipige picha kwanza ikiwa pale pale, aiskani mpaka jina na lipa namba vitokee, apige picha na hapo, kisha aibandue taratibu na kuitunza. Lipa namba ile imesajiliwa kwa mtu mwenye kumbukumbu, na huo ndio uzi wa kumfuata. Aende kituo cha polisi afungue taarifa na apewe RB, yaani namba ya taarifa yake. Kosa la namna hii linaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa mtandao wa simu, mwenye muamala ni *mteja aliyelipa*, siyo mwenye duka ambaye hela haikumfikia. Kwa hiyo awatafute wateja anaowajua waliolipa siku zile mbili, kila mmoja apige 100 kwa mtandao wake, ataje namba ya muamala iliyo kwenye meseji yake na aombe uzuiwe. Nisimpe tumaini la uongo: hela ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu, na siku mbili ni muda mrefu. Lakini malalamiko kadhaa juu ya lipa namba moja huifanya ifungwe, na mitaa mingine ya Mtwara inapona.

Ile namba iliyotuma picha ya korosho kwenye kundi lenu, itume kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za matapeli, kisha mwombe msimamizi wa kundi aiondoe picha. Kumbuka aliyeituma anaweza kuwa ndugu yenu ambaye WhatsApp yake imeunganishwa na tapeli bila yeye kujua, kwa hiyo mpigieni simu ya kawaida kabla ya kumlaumu. Na mtu akikupigia akidai ni huduma kwa wateja wa mtandao wako, angalia namba: wao hupiga kwa 100 tu.

Nenda ana kwa ana kwenye duka la mtandao wako, ukiwa na kitambulisho cha NIDA, ikiwa utaona muamala usioufanya, laini ikikata mtandao ghafla wakati wa wenzako upo, au menyu ikikataa namba yako ya siri uliyoizoea. Kama kuna akaunti ya benki iliyounganishwa na simu hiyo, pita benki siku hiyohiyo. Benki isipokujibu, Benki Kuu ina tawi hapo hapo Mtwara na hupokea malalamiko ya wateja. Ukikuta ile faili ya .apk ilishafunguliwa na programu inakataa kufutika, mpelekee fundi unayemwamini airudishe simu kwenye hali ya kiwandani, baada ya kuhifadhi namba na picha zako. Kabla ya kumkabidhi, chomoa laini, ubaki nayo wewe.